Ngoma Yetu Haina Dhambi ya Kuungama

Kuna fundisho linalopita kutoka kanisa hadi kanisa katika nchi yetu, tangu Masasi mjini chini ya majabali hadi Newala juu ya uwanda, nasi tumechoka kulisikia bila kulijibu. Fundisho hilo lasema kwamba mtu akiokoka, sikio lake nalo liokoke. Aache ngoma za jando na unyago, aache kutazama midimu, asikanyage mahali inapochezwa sindimba. Na kijana anayetengeneza muziki kwa kompyuta chumbani mwake, akichanganya mlio wa ngoma hizo na kelele za stendi, huyo eti anamtumikia Shetani kwa mikono miwili.

Sisi tunasema fundisho hilo si la kweli. Halina msingi katika Maandiko, linapingana na historia ya Kanisa lenyewe hapa Masasi, na linawafukuza vijana kutoka katika nyumba ambayo babu zao waliijenga kwa mikono.

Tujitambulishe kwanza. Sisi ni waumini wa kawaida: wazee wa kanisa, walimu, wanakwaya, wakulima wa korosho, akina mama wa umoja. Tumebatizwa, tumewekewa mikono na askofu, na wengi wetu tumepita jandoni au unyagoni. Hatuoni aibu kwa lolote kati ya hayo, wala hatukubali kwamba moja linalifuta lingine.

Sauti hizi ni za nani?

Simama Masasi mjini wakati wa msimu wa korosho, usikilize. Malori yanaunguruma kuelekea maghala, wapakiaji wanaitikiana ili mzigo upande kwa pamoja, bodaboda inapita na singeli imefunguliwa hadi mwisho, adhana inaanza, na kengele ya kanisa inapigwa upande wa pili. Katikati ya hayo utasikia Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Jioni, kutoka mtaa wa pili, inasikika ngoma ya watoto wanaotoka jandoni. Hivyo ndivyo mji wetu unavyosema. Hakuna mji mwingine unaosema hivyo.

Sasa wapo vijana wanaozisikia sauti hizi na kuzikusanya. Wana simu tu, na wengine wana kompyuta iliyokwisha kutumika. Wanarekodi kinu cha bibi, mtungi unaojazwa maji, wito wa kondakta, ngoma ya mjomba, kisha wanazipanga mpaka ziwe kitu kimoja. Wengine huchora, wengine hupiga picha za video juu ya sauti hizo. Usipoelewa utasema ni kelele. Lakini ukikaa nao utagundua kwamba wanauliza swali moja: mimi ni nani, mtoto wa uwanda huu, niliyezaliwa mjini, ninayeongea Kiswahili kuliko Kimakonde, niliyebatizwa kwa jina la mtakatifu wa nchi ya mbali na kupewa jandoni jina la babu? Kanisa lisiposhughulika na swali hilo, tunashindwa kuelewa linataka kushughulika na swali gani.

Tena wengi wa vijana hao huishia Dar es Salaam. Kusini kumepeleka vijana huko kwa vizazi kadhaa, kiasi kwamba neno machinga, ambalo leo ni la kila mchuuzi wa Tanzania, limebeba jina la watu wa kwetu. Huko katika mitaa ya uswahilini ndiko ilikozaliwa singeli, muziki wa mwendo wa kasi mno ambao mwaka 2017 ulitoka nje ya nchi katika mkusanyo ulioitwa Sounds of Sisso. Wazungu walinunua tiketi kuusikia. Mhubiri wetu ameuita takataka.

Kijana na mjomba wake

Wanaohubiri dhidi ya jando mara nyingi hawasemi ni kitu gani wanakivunja. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana neno juu ya mtoto, na jando ni mahali ambapo mjomba hutimiza neno hilo. Katika familia nyingi za huku, mjomba ni Mwislamu na mama ni Mkristo, au kinyume chake. Ngoma inapopigwa, wote wanakuja, wanapika pamoja, wanamsubiri mtoto pamoja. Ni sherehe chache sana zilizobaki ambazo familia yenye dini mbili inaweza kukaa ndani yake bila mtu kujiona mgeni.

Mzazi akiambiwa kwamba akimpeleka mtoto jandoni atatengwa na Meza ya Bwana au ataondolewa kwaya, anatakiwa kuchagua kati ya Kanisa na kaka yake. Tumewaona waliochagua Kanisa, na ugomvi ulioingia nyumbani mwao haujaisha. Tumewaona pia waliochagua ndugu. Hao hatuwaoni tena Jumapili, wala hakuna aliyetumwa kwenda kuwauliza hali.

Kinanda kimetoka wapi?

Tunaambiwa kwamba ngoma imechafuka kwa sababu imetumika katika mambo ya mizimu. Basi tukague vyombo vyote, tusikague kimoja.

Kinanda kikubwa cha mabomba, kile ambacho makanisa ya Ulaya yanakiona kuwa chombo kitakatifu kuliko vyote, kilipigwa zamani katika viwanja vya michezo vya Warumi, kwenye michezo ileile ya kumwaga damu. Kanisa lilikipokea baadaye, likakipa kazi mpya. Kinanda cha umeme kilichopo katika makanisa yetu kiliundwa katika viwanda vya Asia, na ule mdundo wa sebene ambao mpigaji huubonyeza kwa kidole waumini wakaruka, ulichezwa katika kumbi za dansi za Kinshasa na baa za Dar es Salaam kabla haujafika karibu na altare. Hakuna aliyeutaka uungame kwanza. Hatusemi uondolewe, tunaufurahia na tunaucheza. Tunauliza tu kwa nini mdundo wa baa ya Kinshasa umesamehewa na mdundo wa kijiji cha Newala haujasamehewa.

Zaburi ya mwisho inavitaja vyombo kimoja kimoja: vya kupuliza, vya nyuzi na vya kupigwa, na kucheza kumo pia. Haitenganishi vya wageni na vya wenyeji. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya sita, Daudi anacheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Agano, na anayemdharau ni Mikali, amesimama dirishani. Somo hilo husomwa makanisani mwetu. Ajabu ni kwamba wengi wanaolisoma wamejiweka upande wa dirisha.

Tazama pia jambo la uchongaji. Wamakonde wanajulikana duniani kwa mikono yao. Misalaba ya mpingo, sanamu za Mama Maria na mapango ya Noeli yaliyochongwa na watu wetu yamo makanisani, na maaskofu huyabeba kama zawadi wakisafiri. George Lilanga, mzaliwa wa nchi hii ya Masasi aliyefariki mwaka 2005, alichonga, alichora, alichapa picha na kutengeneza batiki, na karibu kila kazi yake imejaa mashetani wenye masikio makubwa na midomo inayocheka. Alipokelewa wapi? Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, mahali palipoanzishwa kwa juhudi za mtawa Mkatoliki, Sista Jean Pruitt. Alianza kazi pale kama mlinzi, akaishia kuwa msanii wa dunia. Mtawa yule hakukimbia alipoyaona mashetani ya mti. Alimwona mtu aliyeyachonga. Ikiwa mkono wa Mmakonde unaweza kupokelewa na Kanisa, mguu wake unaocheza na sikio lake linalosikia vimekosa nini?

Maaskofu wa Masasi walifanya nini?

Hapa ndipo fundisho hili linapoangukia kabisa, kwa sababu linajifanya kuwa ndiyo imani ya wazee, na sivyo.

Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta hapa watu waliokombolewa utumwani. William Vincent Lucas alifika mwaka 1909, na mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Masasi. Alikuta jando na unyago, na alikuwa na nguvu ya kuvipiga marufuku. Badala yake alikaa na mapadre na walimu Waafrika, wakachunguza kipi kina ubaya na kipi hakina. Wakaanzisha jando la Kikristo. Kambi ya porini ilibaki, wazee walibaki, mafundisho ya adabu na uvumilivu yalibaki. Padre alikuwepo, sala zilikuwepo, na yaliyopingana na Injili yaliondolewa. Mwaka 1928 Lucas alieleza kwa maandishi, Wazungu wenzake wakasoma, kwamba Kanisa halikuja kuwafanya Waafrika wawe wageni kwao wenyewe. Wapo waliompinga, na si kila alichojaribu kilifaulu. Unyago wa wasichana ulimpa kazi ngumu zaidi. Lakini aliukaribia, akaujua, ndipo akaamua. Wanaohubiri leo wanaamua kwanza, na hawakaribii kamwe.

Halafu mwaka 1960 akaja Askofu Trevor Huddleston, akakaa Masasi mpaka 1968. Huyu alitoka Afrika Kusini, ambako alikuwa padre wa Sophiatown, mtaa wa watu weusi wa Johannesburg uliojaa jazi, vilabu vya pombe na vijana wasio na kazi. Mhubiri wa leo angeuita mtaa wa Ibilisi. Huddleston alimwona shuleni kijana mkorofi aliyetaka kupiga tarumbeta, akamtafutia moja. Kijana huyo alikuwa Hugh Masekela. Baadaye, mwaka 1956, Louis Armstrong mwenyewe alituma tarumbeta yake kutoka Marekani kwa ajili ya bendi ya vijana iliyobeba jina la Huddleston. Serikali ya makaburu ilikuwa inaubomoa mtaa ule kwa matingatinga, na padre alikuwa anawapa vijana wake vyombo vya kupuliza. Alijua kwamba mtu aliyenyang'anywa nyumba, akibaki na sauti yake, hajanyang'anywa yote.

Mtu huyo ndiye aliyeketi katika kiti cha askofu wa Masasi. Kiti hichohicho.

Ndugu zetu Wakatoliki, majirani zetu wa Ndanda, nao wana ushahidi wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulielekeza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alitoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Jambo hili lilijadiliwa na wenye elimu, likaamuliwa, zaidi ya miaka 60 iliyopita. Wanaolifufua leo hawajui kwamba kesi ilikwisha.

Hoja yao iliyo ya kweli

Hatutaki kushinda kwa hila, kwa hiyo tuseme wazi lililo la kweli upande wao. Zipo nyimbo za unyago ambazo mama hawezi kuziimba mbele ya mwanawe. Upo ulevi. Yapo makambi ambako kisu kimoja kimepita kwa watoto wengi. Yapo mafundisho yanayomfanya binti wa miaka 12 aone kwamba shule imekwisha na sasa anangoja mume. Ipo singeli yenye matusi tangu mwanzo hadi mwisho. Mambo haya tunayachukia kuliko wao, kwa sababu watoto wanaoumia ni wetu.

Lakini Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote na kulishika lililo jema. Anayekataza kupima amelikataa agizo hilo, hata akilitaja kila siku. Kisu kichafu dawa yake ni kisu safi na mganga wa kituo cha afya. Binti dawa yake ni kufanya sherehe wakati wa likizo, na somo anayemwambia kwamba mwili wake ni wake na masomo yake yanaendelea. Wimbo wa matusi dawa yake ni mtunzi bora. Hakuna hata moja kati ya hizo inayopatikana kwa kuichoma ngoma.

Tena wasikilize matokeo. Mkristo akiondolewa jandoni, jando halifi. Linaendelea bila Mkristo. Mama mwenye hofu ya Mungu, ambaye angesema kambini kwamba wimbo huu tusiufundishe, amebaki nyumbani akiogopa kutengwa. Aliyebaki na watoto ni yule asiyejali. Kwa hiyo ubaya wanaoulalamikia mimbarani wanaulisha wao wenyewe.

Zilizohifadhiwa ugenini

Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vita vya Majimaji kupita hapa na misheni ya Masasi kuchomwa, alikuja Mjerumani aitwaye Karl Weule. Alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya kunasa sauti juu ya silinda za nta. Joto la kwetu lililainisha nta yake, akanung'unika sana, lakini alirudi Ujerumani na nyimbo za watu wa nchi hii. Zikawekwa katika hazina ya sauti ya Berlin, hazina ambayo mwaka 1999 UNESCO iliiandika miongoni mwa kumbukumbu za dunia. Hivyo mgeni aliyeletwa na utawala uliotuvunja alizihifadhi sauti za mababu zetu kuliko tulivyoruhusiwa kuzihifadhi sisi. Alizichukua bila kuwauliza kama wanaweza kuzipata tena, na hilo ni dhuluma. Lakini alau aliona zinafaa kusikilizwa.

Kenya kuna familia inayotufundisha kuhusu jambo hili. Joseph Kamaru alikuwa mwimbaji mkuu wa Kikuyu, mtu ambaye nyimbo zake ziliwaambia wakubwa ukweli. Mwaka 1993 alitangaza kuokoka, akaziweka kando nyimbo za zamani, akageukia za Injili. Alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake amerithi jina, ila hujiita KMRU, na ni msanii wa sauti anayejulikana leo Ulaya na Afrika. Hurekodi sauti za Nairobi, za barabarani na za umeme unaonguruma ndani ya mashine, akazifanya kazi za kusikilizwa kwa utulivu. Mwaka 2022 alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, aliyoijenga kutokana na sauti za Waafrika zilizofungiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Na nyimbo za babu yake, zile zilizowekwa kando, ni yeye anayezitoa upya ili zisipotee.

Hatumhukumu mzee Kamaru. Moyo wake anaujua Mungu. Tunamtazama mjukuu. Hakuona kwamba lazima amzike babu wa kwanza ili ampende babu wa pili. Na ilimlazimu kwenda mpaka Ubelgiji kusikia sauti za bara lake. Watoto wa Newala nao watakwenda Berlin? Wakifika huko wakasikia wimbo wa jando kwa mara ya kwanza katika maisha yao, kwenye spika za masikioni, ndani ya chumba chenye baridi, watauliza ni nani aliyewanyima nyumbani. Jibu tusingependa liwe: Kanisa.

Tunataka nini

Tunataka mambo manne, na yote yanawezekana bila kuomba fedha ng'ambo.

La kwanza, mzazi asitengwe wala asiondolewe kwaya kwa sababu mtoto wake amepita jandoni au unyagoni, maadamu afya na shule ya mtoto vimelindwa. Padre au mwinjilisti aalikwe, na akialikwa aende.

La pili, kila parokia iwakae chini wazee wake na kurekodi nyimbo zao kabla hawajatuacha. Zile zilizo siri ya jando zibaki siri kwa waliopita. Heshima hiyo Weule hakuwa nayo, sisi tuwe nayo. Nyingine zihifadhiwe kwa idhini ya wenyewe, na majina yao yaandikwe.

La tatu, vijana wanaotengeneza sauti wapewe ukumbi wa parokia siku moja kwa juma, na umeme. Waruhusiwe kuleta walichotunga, wazee wasikilize, wakosoe kama wazee, si kama mahakimu. Kijana atakayetunga kwa ngoma za uwanda wimbo wa Pasaka unaofaa, uimbwe Pasaka.

La nne, viongozi wetu wa Masasi na Newala, Waanglikana na Wakatoliki pamoja, na masheikh wakitaka, waandike barua moja kwenda Berlin kuomba nakala za sauti zilizochukuliwa mwaka 1906. Siku hizi nakala husafiri kwa intaneti. Hakuna nta ya kuyeyuka.

Kwa wale wanaoendelea kufundisha kwamba mlio wa ngoma ya baba zetu ni mlio wa Shetani, tuna ombi moja. Watuletee andiko. Wasilete ndoto ya mtu wala ushuhuda wa mkutano wa injili wa mji mwingine. Walete kitabu, sura na mstari. Wakilileta tutakaa nao chini tulisome pamoja, mchana kutwa ikibidi. Wasipolileta, basi watuachie watoto wetu na ngoma zao, na wao washuke pale dirishani.